Kidari cha Bi Nyamizi na Ulimi wa Serikali

Kwanza ni mlio. Kabla hujaiona bendera, kabla hujauona mlingoti wala paa la bati lililopakwa rangi za taifa, unasikia kutafuna. Si kutafuna kwa mtu mmoja mwenye njaa zake. Ni kutafuna kwa idara nzima. Kuna meno yanayosaga, kuna makoo yanayomeza, kuna mfupa unaovunjwa kach! na uboho unaofyonzwa fyuu, na katikati ya hayo yote kuna mtu anayecheua kwa sauti nzito ya mamlaka. Wageni husimama njiani wakidhani fisi wamevamia zizi. Wenyeji huwatuliza, "Msiogope. Hiyo ni serikali, iko kazini."

Hapo ndipo Kizingiti, kituo cha kukagua afya ya nyama, maziwa, samli, mayai na ngozi zinazovuka kutoka nchi yetu kwenda nchi jirani. Jina la nchi yetu sitalitaja. Sheria inakataza kulitaja bila kusimama wima na kuweka mikono yote miwili kifuani, nami mmoja nauhitaji kwa kalamu.

Zamani kituo hicho kilikuwa na maabara. Ndani yake mlikuwa na hadubini, kitu baridi cha chuma, kisicho na chama wala ukoo. Wataalamu walitia vipande vya nyama chini ya jicho lake, wakachungulia, wakasema walichokiona. Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku hadubini ilipoona vijidudu kwenye nyama iliyotoka ranchi ya Mheshimiwa Waziri wa Mifugo. Tume iliundwa. Tume ikasafiri, ikalala hotelini, ikala, ikabaini kwamba hadubini ina tabia mbaya ya kukuza mambo. Hadubini ikastaafishwa kwa manufaa ya umma. Wataalamu wakapelekwa kuhesabu popo katika mapango ya kusini, ambako tunaambiwa wanaendelea vizuri.

Mahali pa hadubini pakawekwa chombo ambacho utii wake haukuwa na shaka: ulimi.

Kanuni ya Ulimi ni fupi, na uzuri wake uko hapo. Kila kitokacho kwa mnyama kitaonjwa na mkaguzi. Mkaguzi akionja asitapike, kitu hicho ni kizima, kipite. Akitapika, kitu hicho ni kigonjwa, na mkaguzi huyo avuliwe cheo pale pale, hata awe nani, kwa kuwa serikali haiwezi kuajiri kiungo kibovu. Waziri aliisaini kanuni hiyo kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hakuna mkaguzi aliyewahi kutapika. Wamepauka, wametokwa jasho, wengine wamebebwa kwa machela huku wameziba midomo kwa mikono miwili. Lakini kutapika, hakuna aliyethubutu. Ni nchi gani nyingine yenye mifugo mizima kiasi hicho?

Wasiojua sayansi huuliza kwa nini ukaguzi hauishii kwenye tonge moja. Ugonjwa, ndugu msomaji, una akili. Unaukagua mguu wa mbele, wenyewe umejificha mguu wa nyuma. Kwa hiyo nyama hukaguliwa kutoka ncha hadi ncha. Maziwa hukaguliwa mpaka chini ya kibuyu, kwa sababu vijidudu huzama. Mayai hukaguliwa yote, maana yai moja haliwezi kulisemea jingine. Ngozi haionjeki, basi hukaliwa: mkaguzi huikalia mpaka aridhike, na hadi leo hajapatikana aliyeridhika akainuka. Kinachobaki hupigwa muhuri. Kina mama wengi wamevuka mpaka wakiwa na cheti safi na kibuyu kitupu chenye afya kamili.

*

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Mpangala. Udaktari wake hakuupata darasani, mahali ambapo watu hupoteza ujana wao. Aliupata mezani. Kwenye karamu moja ya taifa aliandaliwa samaki aliyewalaza hospitali mabalozi wote waliokuwapo. Mpangala peke yake alifuta mdomo akaomba wa pili. Kesho yake akatangazwa daktari wa mifugo. Alikuwa na kofia yenye utepe, na tumbo ambalo lilifika kazini kabla yake.

Watu wa foleni walimpenda hivi kwamba walimtungia wimbo. Aliyeuanzisha alikuwa Sikitu, muuza samli, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, na kina mama waliupokea huku wameshika vibuyu vyao:

Ulimi wa serikali, umeumbwa kwa hekima,
Haupimi pilipili, wala mboga na mtama,
Huzipima figo mbili, huacha mfupa nyuma,
Afya njema ya mnyama, ni tumbo la mkaguzi.

Daktari Mpangala aliposikia mara ya kwanza alilengwa na machozi. "Hatimaye," aliwaambia wasaidizi wake, "wananchi wameielewa sera." Akaamuru uimbwe kila asubuhi wakati bendera inapandishwa, wasaidizi wakiwa wamesimama wima. Kina mama waliuimba kwa nidhamu kubwa, na kama mabega yao yalitikisika, ilikuwa ni uzalendo.

Mara kwa mara lori la ranchi ya Waziri lilipita. Hilo halikukaguliwa, kwa kuwa lilibeba nyama ya kitaifa, na taifa haliwezi kujishuku. Wakaguzi waliliinulia kizuizi mapema, likiwa bado mbali, maana upepo ulilitangulia. Walilipigia saluti kwa mkono wa kulia na kuziba pua kwa mkono wa kushoto, na nzi walilisindikiza mpaka ng'ambo kama askari wa pikipiki.

*

Sasa sikilizeni habari ya Bi Nyamizi.

Mpaka wa nchi hizi mbili unapita katikati ya korongo jembamba, lenye daraja la magogo. Watu wa pande zote mbili ni wamoja, Wanakorongo. Waliochora mpaka hawakuwauliza. Mtu wa huku akipiga chafya, wa kule humwambia pole. Nao wana desturi yao ya kuozana. Mama wa kijana huchoma kidari cha kondoo dume, hukibeba kichwani mwenyewe, hukipeleka kwa mama wa binti. Kisu kisikiguse, kwa sababu kidari kilichokatwa husema kwamba wenyewe wameshakata tamaa. Mama wa binti hukiwekea kiganja, na kiganja kikigusa tu, binti ni mke wa mtu. Hayo yafanyike siku waliyoagana, kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Siku ikipita, mlango umefungwa.

Desturi inasema pia kwamba mtu mwingine akikila kidari kabla ya kiganja, ameyala makubaliano: itambidi amtoe binti yake mwenyewe aolewe, au akitapike mbele ya watu. Hakuna Mwanakorongo anayekumbuka jambo hilo likitokea. Nani angekuwa mlafi hivyo?

Tangu ulimi uanze kazi, harusi za kuvuka korongo zilikufa. Kina mama walifika kwenye kizuizi, wakasikia ule mlio, wakageuka na vidari vyao. Vijana waliota mvi wakitazamana na wachumba wao ng'ambo ya pili. Masunga, mwana pekee wa Bi Nyamizi, alikuwa mmoja wao. Mchumba wake, Kabula, alikaa upande wa pili na mama yake, Bi Ngolo. Mwaka uliotangulia Bi Nyamizi alikibeba kidari, Daktari Mpangala akakizuia, siku ikapita, kikaoza. Bi Ngolo alisema kwa huzuni, "Dada, mara moja ni bahati mbaya. Ikiwa mara ya pili, watu watasema mnatucheza. Nitamwoza binti yangu huku huku."

Kwa hiyo Bi Nyamizi alipotokea tena, ungo kichwani, kidari kimefunikwa kwa majani ya mgomba, hata vibuyu kwenye foleni vilinyamaza.

Alipofika mlangoni, mvuke wa kidari uliingia ndani kabla ya mwenyewe. Kutafuna kukakoma. Daktari Mpangala akatoka akipanua matundu ya pua.

"Mama, teremsha mzigo. Nini hicho?"

"Hujambo, mwanangu," akasema Bi Nyamizi, ambaye alikuwa na umri wa kumzaa.

"Mimi si mwanao, mimi ni idara. Nini hicho kinachonukia?"

"Kidari cha harusi, baba."

Daktari alimeza mate. "Kinanukia maambukizo."

"Kinanukia chumvi na makaa."

"Maambukizo ya siku hizi hujipaka chumvi." Alinyoosha mkono nyuma, msaidizi akamtilia kisu. "Nitachukua kidogo tu, hapa kwenye mafuta. Magonjwa hupenda mafuta."

Bi Nyamizi alirudi hatua. "Kisu hapana! Kikiguswa na kisu, mwanangu hana mke."

"Na kisipoguswa, taifa halina afya. Kipi kikubwa?"

"Daktari," akaita Sikitu kutoka foleni, "taifa lina afya tele. Jitazame tumbo!"

Foleni ikacheka. Daktari naye akatabasamu, akijua anasifiwa, kisha akakumbuka ukali wake. "Mama, sikiliza. Sampuli haitoki bila kisu. Ndiyo sayansi."

"Basi nipitishe bila sampuli, baba. Bi Ngolo yule pale, ng'ambo ya daraja. Ni mama yake mchumba. Anakigusa tu, basi. Simwuzii mtu, hakiliwi huko."

"Hakiliwi?" Daktari alitikiswa na neno hilo kuliko tusi. "Unataka kuniambia kuna nyama duniani ambayo hailiwi? Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa." Akageukia wasaidizi. "Karantini!"

Wakaunyang'anya ungo, wakaufungia kabatini. Bi Nyamizi aliketi chini mbele ya kabati, akakunja khanga miguuni, akatazama njia ya malishoni. Ng'ombe walikuwa bado mbali. Ng'ambo, Bi Ngolo naye aliketi kwenye ncha ya daraja, na nyuma yake alisimama Kabula, akiwa amesukwa nywele upya.

*

Haikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa Sikukuu ya Ulimi, na Mheshimiwa Waziri alikuwa njiani kuja kuionyesha dunia, kwa redio ya moja kwa moja, ubora wa kanuni yake. Nchi jirani nayo ilikubali kuirusha, kwa kuwa siku hiyo haikuwa na mpira.

Akafika na bendi. Bendi ikapiga, wimbo wa Sikitu ukaimbwa na kwaya ya wakaguzi, Waziri akaupenda akataka urudiwe. Kisha akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika paja la kuku.

"Ndugu wananchi! Wako wanaosema kwamba sisi mpakani tunakula. Uongo! Sisi hatuli. Sisi tunajitolea miili yetu! Kila mkaguzi unayemwona hapa ni kaburi la magonjwa yenu!"

Makofi.

"Wako wanaosema kwamba hatuheshimu mila. Mimi? Bibi yangu mzaa baba alizaliwa ndani ya korongo hili! Mila za Wanakorongo nimezinyonya pamoja na maziwa! Na ninasema mbele ya redio za nchi mbili: atakayekiuka mila ya korongo, awe nani, mnishikie huyo! Hata nikiwa mimi, mnishike!"

Makofi, vigelegele, ngoma.

"Sasa leteni nyama, niwaonyeshe."

Daktari Mpangala akamnong'oneza kwamba lori la ranchi liko pale nyuma, limejaa, angependa kipande gani? Waziri akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Una wazimu? Yangu mimi siili. Leta ya watu."

Nyama ya watu ilikuwa imeshakaguliwa yote tangu asubuhi. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kabatini. Kikatolewa, majani yakafunuliwa, na moshi wake mtamu ukapita juu ya jukwaa, hata mpiga tarumbeta akakosea nota.

"Mheshimiwa usile!" Bi Nyamizi alisimama akapiga kelele. "Hicho ni kidari cha harusi! Ukikila, utakuwa ume..."

"Mama, usiingilie utafiti," askari akamwambia, akimvuta nyuma kwa adabu kwenye bega.

"Mama huyu," Daktari Mpangala akatangaza kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya mtu aliyetatua fumbo kubwa, "anakataza kisu kwa sababu za kimila. Nasi ni watu wa mila. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya sayansi, Mheshimiwa ataonja bila kisu."

Na Waziri akaonja bila kisu. Alikishika kidari kwa mikono miwili, akakizamia. Nchi mbili zilisikiliza redioni. Waliokuwa dukani walisikia, waliokuwa shambani walisikia: kurarua, kufyonza, gegedu likisagika, pumzi ikitoka puani, kisha kurarua tena. Alikula nyama, akala mafuta, akaitafuna mifupa laini ya kifuani mpaka ikaisha. Mwishowe akalamba kidole gumba, akasema, "Kizima!" akimaanisha afya ya nyama. Kwenye ungo hakukubaki hata cha kupigia muhuri.

Bi Nyamizi alijifunika uso kwa khanga. Masunga, kijana mrefu aliyekuwa amesimama mwisho wa umati na shati lake la harusi, aligeuka akaanza kuondoka polepole, na watu wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

*

Ndipo sauti ikavuka korongo.

"Nyamizi we! Mbona kimya? Kidari kiko wapi?" Alikuwa Bi Ngolo, mikono mdomoni.

"Kimeliwa, dada!" Bi Nyamizi alijibu, khanga ikiwa bado usoni.

"Kimeliwa na nani?"

"Na Waziri!"

Halafu, wazi kabisa, "Chote?"

"Chote!"

"Basi Waziri ameyala makubaliano! Ana binti?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Nchi mbili zilisikia swali hilo. Masunga alisimama. Umati ukasimama kwa ncha za vidole.

Ana binti, walijibu watu. Nani asiyejua? Binti yake alikuwa ameshaposwa na mtu mwenye ranchi kubwa kuliko ya baba yake, na kadi zilikuwa zimeshachapwa.

Waziri alicheka kidogo. "Mama zangu, huu ni ukaguzi, si harusi."

"Umesema tukushike!" akapaza Sikitu. "Redio imesikia!"

"Imesikia!" wakaitikia kina mama, na neno hilo likaitikiwa na wanaume waliokuwa wamekaa kimya tangu asubuhi, na hata na bendi, ambayo ilidhani ni sehemu ya ratiba.

Wazee wawili wa Wanakorongo waliitwa jukwaani. Wakasema kwa heshima kwamba Mheshimiwa, kama mjukuu wa korongo, anajua njia ni mbili tu. Amtoe binti kwa Masunga leo, au akitapike kidari hapa, mbele ya watu, na makubaliano yatamrudia Bi Nyamizi. Bi Ngolo akasema yuko tayari kungoja matapishi mpaka ng'ombe warudi.

Waziri alimwangalia Daktari Mpangala. Tumbo la Waziri lenyewe, ambalo halikuzoea nyama nzima, lilikuwa limeanza kuikubali njia ya pili.

"Usitapike, Mheshimiwa," Daktari akamnong'oneza. "Kanuni. Anayetapika anavuliwa cheo pale pale. Hata awe nani. Umeisaini mwenyewe."

Basi hapo ndipo ulipoonekana ukubwa wa mtu. Wewe na mimi tungetoa binti, au tungetapika. Yeye aliinua kidole, akafumba macho, na busara yote ya miaka yake serikalini ikamjia.

"Ndugu wananchi! Mmenielewa vibaya. Mimi sikukila kidari. Nimekihifadhi! Kiko salama tumboni mwangu, kwa niaba ya wananchi. Tumbo hili si langu, ni ghala la taifa!"

Wakaguzi walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Hata Daktari Mpangala alijiuliza kwa nini yeye hakuwahi kufikiria hivyo, miaka yote hiyo.

Bi Nyamizi aliiteremsha khanga. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yalikuwa yamekauka. Akamsogelea Waziri, akamtazama tumbo kwa makini, kama mtu anayetazama chungu alichoazima jirani.

"Hakikuliwa?"

"Hakikuliwa, mama."

"Kimo humo?"

"Kimo, chote, nakuhakikishia."

Bi Nyamizi akageukia korongo. "Ngolo! Anasema hakikuliwa! Kimehifadhiwa!"

"Kisu kimekigusa?"

"Hakijakigusa! Wote wameona!"

Bi Ngolo alifikiri. Kengele za ng'ombe zilianza kusikika kutoka malishoni. "Kama ni kizima na kisu hakijakigusa, basi ni kidari. Kileteni!"

*

Waziri hakuwa na shaka yoyote. Kwake ilikuwa ni hatua chache za kihistoria juu ya daraja, na picha moja nzuri. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba atakisindikiza kidari mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe, kama ishara ya ujirani mwema. Bendi ikapiga maandamano. Akatembea katikati ya daraja la magogo, tumbo mbele, Bi Nyamizi nyuma yake ameshika ungo mtupu, na ng'ombe wa kwanza akiwa amebakiza mruko mmoja tu kuingia zizini, akakanyaga ardhi ya nchi jirani.

Bi Ngolo alinyanyuka. Akajifuta kiganja kwenye khanga, akakiweka juu ya tumbo la Mheshimiwa Waziri wa Mifugo, mbele ya nchi mbili. Akalipapasa kushoto na kulia.

"Kina joto bado," akasema. "Kizito. Tumekipokea."

Sijui mnavyovijua vigelegele. Hivyo vilivyopigwa siku hiyo viliwashtua popo huko kusini. Masunga alivuka daraja mbio, Kabula akamtazama kwa haya, na mambo yao yakaisha pale.

Ya Waziri ndiyo kwanza yalianza. Alipogeuka arudi, alimkuta mbele yake Daktari Sengasu, mkaguzi mkuu wa nchi jirani, mtu mkavu, mtaratibu, mwenye miwani.

"Karibu, Mheshimiwa. Nimesikiliza redio. Umebeba kidari?"

"Nimebeba!" akasema Waziri kwa fahari.

"Cha kondoo. Kutoka upande wenu. Cheti cha afya?"

"Cheti? Kwetu cheti cha mzigo unaotoka nje nasaini mimi. Nipe kalamu."

"Kalamu ipo. Lakini wewe sasa ni ghala. Umesema mwenyewe. Mzigo haujisainii."

"Basi asaini naibu wangu!"

"Naibu wako anasaini kwa idhini ya Waziri. Waziri wenu yuko wapi?"

Waziri akajitazama tumbo.

"Sisi huku hatuna ulimi," Daktari Sengasu akaeleza kwa upole, akifungua mlango wa uzio wa waya uliokuwa na majani makavu na beseni la maji. "Sisi tuna subira. Tunauweka mzigo humu, tunangoja uonyeshe wenyewe kama una ugonjwa."

"Na usipouonyesha?"

"Tunaendelea kungoja."

Wakamwingiza. Kutoka kwake kulikuwa rahisi mno. Harusi ilikwishafungwa na kiganja, kidari hakikuwa na kazi tena. Angetapika tu, mzigo ungekwisha, naye angekuwa mtu huru. Ila asingekuwa Waziri tena. Alisimama katikati ya majani, ameshika tumbo kwa mikono miwili, shavu limevimba, anameza, anatoka jasho, anameza tena. Watu waliona anavyochagua. Akachagua cheo.

Upande wetu, Daktari Mpangala na wakaguzi wake wote walikuwa wamesimama wima wakitazama ng'ambo, kwa sababu kanuni inawataka wasimame hivyo Waziri akiwa mbele ya macho yao, na hakuna aliyejua kama kuna kanuni ya kukaa. Meno yalipumzika. Foleni ikaanza kusogea. Sikitu alipita pembeni ya Daktari na samli yake imejaa mpaka mdomoni, akamsalimia, hakuweza kuitika. Wakapita wa maziwa, wakapita wa mayai, na mmoja alivuta ngozi yake kutoka juu ya kiti kilichokuwa kitupu.

Harusi ilirudi kuvuka daraja kumpeleka Kabula kwa mumewe. Njia ilipita kando ya waya. Waziri alipowaona akajikokota mpaka kwenye uzio, akaingiza vidole kwenye matundu.

"Mama! Mama wa kijana! Waambie wanifungulie. Mimi ndiye niliyewaozesha watoto wenu!"

Bi Nyamizi aliwasimamisha waimbaji kwa mkono. Akasogea karibu, akaiweka sawa khanga yake begani, akamtazama mtu yule kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye ni lazima ajibiwe vizuri.

"Wema wako hatutausahau, Mheshimiwa," akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Nakuahidi mbele ya watu hawa wote: mtoto wa kwanza wa Kabula akianza tu kutembea, nitamshika mkono mwenyewe, nimlete mpaka hapa kwenye waya, akuamkie."